Mzee ana miaka 79, kipimo cha damu cha tezi dume (PSA) kimetoka 14, kakangu ataka atolewe kinyama cha kupimwa haraka, mzee hataki

BintMkomani
Assalamu alaikum jamani. Nauliza kuhusu babangu, yuko hapa Amu (Lamu), ana miaka 79, ana sukari na presha na moyo nao ushawahi kumsumbua. Kwa muda mrefu usiku huinuka kila mara kwenda haja ndogo na sisi twasema ni uzee. Juzi juzi kabla ya alfajiri mkojo ukakataa kutoka kabisa, tumbo limejaa, mzee yuwalia kwa uchungu, tukamkimbiza hospitali wakamtia mpira ukatoka mwingi alhamdulillahi. Akiwa bado na mpira wakamtoa damu, PSA ikarudi 14, tukaambiwa ni juu tumpeleke Mombasa kwa mtaalamu wa njia ya mkojo. Sasa kakangu alioko Mombasa ashapanga yote, atolewe kinyama cha kupimwa kwenye tezi dume, na akipatikana na saratani afanyiwe opresheni, hataki kusikia jingine. Baba naye yuwasema hakatwi, yuwaogopa asije akawa mtu wa kuvuja mkojo asiweze kukaa msikitini na wenzake. Mama halali. Mpira ushatolewa, anakojoa kwa dawa. Muliopitia haya na wazee wenu mulifanyaje? Kwa umri huu yafaa kuitafuta hii saratani au tumwache apumzike?

NesiMalindi
Waalaikum salaam mwanangu, poleni sana, mwambie mama alale. Nimefanya kazi wodi ya wanaume miaka mingi na hiyo 14 hainitishi bado. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, mwenye saratani anayo na asiye na saratani anayo, na chochote kinachoichokoza tezi huipandisha: mkojo kuziba, mpira kupitishwa, wadudu kwenye mkojo, hata tezi kuwa kubwa tu kwa umri. Baba ako alikuwa na mawili matatu kwa wakati mmoja halafu ndio akatolewa damu! Mupimeni mkojo, kama una wadudu atibiwe amalize dozi, mungoje kama wiki sita ndio damu irudiwe, na ikiwezekana iwe maabara ile ile. Angalieni pia ni dawa gani anakunywa. Tamsulosini, ile ya kulegeza njia ya mkojo, haibadilishi namba, lakini finasteraidi, ile ya kupunguza ukubwa wa tezi, mtu akiitumia kama miezi sita PSA hushuka karibu nusu, na daktari asipoambiwa ataisoma vibaya.

Kingine, je tezi ilipimwa kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa? Wazee wetu waona haya sana kwa hili na mimi nawaelewa, lakini ni dakika moja, mumtafutie daktari mwanamume, mlango ufungwe na watoto mutoke nje. Tezi iliyokuwa kubwa lakini laini yasema jambo moja, tezi ngumu yenye vinundu yasema jingine, na hilo huwezi kulipata kwenye karatasi ya maabara.

AbuSwaleh_Mld
Nesi asema kweli lakini na mimi niseme yaliyotupata, kwa sababu naona watu wakisikia "ngojeni" huwa hawarudi tena. Ami yangu alikuwa mvuvi huku kwetu Malindi, mgongo ukaanza kumuuma tukasema ni kazi ya kuvuta nyavu, akakandwa, akanunuliwa dawa za maumivu dukani, akawa anakonda tukasema hali vizuri. Asubuhi moja aamka miguu haina nguvu. Kufika Mombasa wakapiga picha wakaona saratani ya tezi dume ishaingia kwenye uti wa mgongo na imebana mishipa. Wakampa sindano ya kushusha homoni za kiume, ikawa kila miezi mitatu, na wallahi maumivu yalipungua akaanza kulala usiku na kula na wajukuu zake, lakini miguu haikurudi. Tungefika mapema angeshikilia miguu yake mpaka siku yake. Kwa hivyo dada muulize baba kama ana maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoisha hata akilala, miguu kufa ganzi, kukonda, damu kwenye mkojo. Likiwepo moja katika hayo wiki sita zisingojwe hata kidogo.

NesiMalindi
AbuSwaleh Mungu amrehemu ami yako. Na sahihi kabisa, mwenye dalili za mgongo na miguu ni wa kukimbizwa siku hiyo hiyo.

MwalimuWaShela
Mimi si daktari ila nilisoma sana babangu mkwe alipopatwa. Wamarekani wana jopo lao la wataalamu wa kinga, mwaka 2018 lilisema wanaume wa miaka 55 hadi 69 wazungumze na daktari kila mtu aamue mwenyewe, na kuanzia miaka 70 lisipendekeze kuwapima PSA wasio na dalili. Sababu yake ni kwamba saratani nyingi za tezi dume kwa wazee hutambaa polepole mno, mzee hufa na kitu kingine kabisa hata bila kujua kama alikuwa nayo, sasa ukiitafuta ukaipata ukamkata umempa madhara ya bure. Lakini angalieni, hiyo ni kwa wasio na dalili. Mzee wa dada hapa ameziba mkojo, kwa hiyo kumchunguza ni haki yake, cha kujadili ni kumchunguza mpaka wapi.

Na kuhusu kaka yake kutaka opresheni moja kwa moja: Uingereza walifuata wanaume 1,643 wenye saratani ambayo haijatoka nje ya tezi, wengine wakapasuliwa, wengine wakapigwa miale ya kuchoma saratani, wengine wakachungwa tu kwa vipimo. Majibu ya baada ya miaka 15 yalitoka 2023, na katika kila kundi kama 97 kwa kila 100 hawakufa kwa saratani hiyo. Waliochungwa tu ilisambaa kwa wengi zaidi, hilo nisilifiche. Na wale walikuwa wa miaka 50 hadi 69 wakati wanaanza, vijana mbele ya baba ako. Mzee Mandela aligunduliwa 2001 ana miaka 83, akapigwa miale, akaishi mpaka 95 na kilichomchukua ni mapafu. Askofu Tutu aligunduliwa 1997 akafa 2021 ana miaka 90. Msisikie saratani mukaanza kushona sanda.

BintMkomani
Ahsanteni sana, hapa nimesoma na machozi. Mgongo hauumi, nimemuuliza mara mbili, miguu iko sawa yuwaenda sokoni mwenyewe. Kidole hakupimwa. Dawa ya mkojo ni hiyo tamsulosini peke yake. Lakini tuseme damu ya pili itoke juu tena, hicho kinyama chenyewe kikoje? Na swali la baba la twahara mimi simjui wa kumuuliza, hapa nyumbani ndilo linalomkosesha raha kuliko hata saratani yenyewe.

MaalimLangoni
La twahara mwambie baba atulie. Mtu anayevujwa na mkojo asiyeweza kuuzuia ni mwenye udhuru na fiqhi yetu ya Shafii imemuweka wazi: wakati wa swala ukiingia ajisafishe, avae kitambaa au pampasi safi, atawadhe, aswali hapo hapo bila kuchelewesha, na kitakachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Kila swala ya faradhi udhu wake. Msikitini aje, akiwa amejifunga vizuri asichafue. Nawajua wazee wa hapa hapa mjini wanaoswali hivyo safu ya mbele. Asikatae matibabu kwa ajili ya hilo, na pia asilazimishwe matibabu kwa sababu tu hilo lina ruhusa. Akili yake nzima, mwili ni wake.

NesiMalindi
Jazakallahu kheri maalim, hili latufaa hata sisi wodini.

Mwanangu, kinyama hutolewa kwa sindano nyembamba, mara nyingi kupitia njia ya haja kubwa wakiongozwa na ultrasaundi, huchukuliwa vipande kama kumi au kumi na mbili. Kuna ganzi. Baada yake damu kidogo kwenye mkojo na kwenye shahawa ni kawaida, lakini akipata homa na kutetemeka arudi hospitali usiku huo huo, wadudu wameingia kwenye damu, na mwenye sukari ndiye wa kuchungwa zaidi. Akinywa dawa za kulainisha damu kwa ajili ya moyo waambieni kabla. Palipo na picha ya MRI wengi huanza nayo, ikiwa safi kinyama huenda kisihitajike.

Halafu kaka ajue hili: opresheni ya kuondoa tezi nzima madaktari humpa mtu wanayemtarajia kuishi miaka kumi au zaidi. Miaka 79, sukari, moyo, sidhani hata kama daktari wa upasuaji atakubali. Miale nayo ni kwenda kila siku kwa wiki kadhaa, yaani mzee ahame Amu akakae Mombasa, na SHA, bima ya afya ya serikali, muulize mapema italipia nini. Mara nyingi kwa mzee kama huyu wakiikuta saratani ya polepole humchunga tu, wakingoja dalili, na ikianza kusumbua ndio sindano ya homoni kama ami wa AbuSwaleh, au opresheni ndogo ya kutoa korodani ambayo ni mara moja tu na rahisi kwa pesa kuliko sindano za maisha. Homoni nayo ina yake: joto la ghafla, mwili kulegea, mifupa kudhoofika, sukari kupanda, na hamu ya mke kuisha. Aambiwe yote kabla, yeye mwenyewe, sio watoto mukae pembeni mukaamua. Kabla ya kinyama mumuulize daktari swali moja: jibu likija ndiyo, utamfanyia nini tofauti? Kama hakuna kitakachobadilika, cha nini kumdunga.

AbuSwaleh_Mld
Hilo swali mulishike. Na tarehe ya damu ya pili iandikwe ukutani, isisahaulike.

BintMkomani
Nimekaa na baba baada ya isha nikamsomea majibu yenu yote, la maalim akaniambia nirudie. Amekubali mkojo upimwe na damu irudiwe baada ya wiki sita, na kidole amekubali kwa sharti daktari awe mwanamume na asiwe mtu wa mtaani kwetu. Kinyama asema ataamua yeye baada ya kuona namba. Kakangu nimemtumia huu uzi, bado amenuna lakini asema atakuja Mokowe, kule bara, kumpokea ikibidi safari ya Mombasa. Nesi samahani swali la mwisho, siku ya kutolewa damu asubuhi ale na anywe dawa ya sukari au afunge?

NesiMalindi
Ale na anywe dawa zake kama kawaida, PSA haitaki kufunga. Siku mbili kabla yake asipande baiskeli, na mambo ya ndani na mama yasubiri pia, huipandisha namba. Na mkojo ukiziba tena hata usiku wa manane musingoje kukuche, muende akatiwe mpira.