Mstari wa kijivu kwenye mkunjo wa simu ya kukunja: naomba ushauri kabla sijaiacha kwa fundi

mpigapicha_temeke
Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi. Mwaka jana nilinunua simu ya kukunja iliyokwisha kutumika, ile inayofunguka kama kitabu, kwa sababu moja tu: nataka maharusi waone picha zao papo hapo kwenye kioo kikubwa. Imenisaidia sana. Sasa pale katikati inapokunjwa pametokea mstari, upana wake kama kidole. Shela jeupe likiangukia hapo linaonekana la kijivu, na nikiinamisha simu linaingia ubluu. Jumamosi mama wa bibi harusi kaniuliza kama gauni la mwanawe lilikuwa na doa. Iliniuma, maana gauni lilikuwa safi kabisa.

Fundi wa Kariakoo kaitazama nusu dakika, kasema kioo kizima kibadilishwe, na bei yake inakaribia nusu ya niliyonunulia simu. Mwingine kaniambia nibandue ile plastiki ya juu, basi. Je, kuna namna ya kurudisha ubora wa picha eneo hilo bila kubadilisha kioo?

Mkwaju
Mkuu, usibandue! Aprili 2019, Galaxy Fold, simu ya kukunja ya kwanza ya Samsung, ilipopelekwa kwa waandishi waijaribu, baadhi yao walibandua tabaka la juu wakidhani ni protekta ya kawaida, na skrini zikaharibika. Samsung waliahirisha kuiuza hadi Septemba. Simu za baadaye zina kioo chembamba chini ya hiyo plastiki, lakini ukiivuta kwa kucha bado unaweza kukivunja.

BintiMaabara
Kaka, kabla ya kulipa hata shilingi, jua kwanza mstari wako ni wa aina gani. Watu wanauita "mkunjo" kana kwamba ni tatizo moja, na ndiyo maana mafundi wengi wanakimbilia kubadilisha kioo.

Anza na simu ikiwa imezimwa. Ipeleke chini ya taa. Ukiona vipovu au weupe kando ya mkunjo, plastiki ya juu imeachia na hewa imeingia chini yake. Hewa hiyo inatawanya mwanga, hivyo cheupe kinageuka kijivu.

Kisha iwashe kwenye chumba chenye giza, fungua picha ya kijivu tupu, utazame ukiwa mbele yake sawasawa. Inamisha taratibu. Mstari ukibadilika rangi kadiri unavyoinamisha, huo ni mteremko. Pale pana bonde dogo, na kuta zake hazikutazami usoni. OLED, yaani kioo cha aina hii ambacho kila nukta yake (pikseli) inatoa mwanga wake yenyewe, ikitazamwa kwa upande, weupe wake huelekea ubluu. Pikseli ni nzima, ila unaziona kwa pembe isiyo yake.

Mstari usipobadilika kwa pembe yoyote, hapo shaka iende kwenye pikseli na transista zake, zile swichi ndogo zinazoipa kila pikseli umeme. Transista iliyovutwa na kubanwa mara nyingi inaweza kupitisha umeme tofauti na jirani yake, na mwangaza unatofautiana. Tiba yake inafanyika kiwandani: kila kioo kinapimwa kwa kamera, kisha mfumo unaongeza au kupunguza nguvu ya pikseli moja moja. Hakuna programu ya kupakua itakayokufanyia hivyo. Na ukiona mistari inayometa ukikunja na kukunjua, hamisha picha za wateja wako leo hii, kabla kioo hakijazima.

Fundi_Bawaba
Dada amemaliza, niongeze la bawaba. Kitu kikikunjwa, upande wa nje unavutwa na wa ndani unabanwa. Kujua unavutwa kiasi gani, chukua unene wa kitu, gawa kwa nusukipenyo cha mkunjo kilichozidishwa kwa mbili. Kile kioo chembamba kilicho chini ya plastiki kwenye Galaxy Z Flip ya 2020 kina unene wa mikroni 30, yaani milimita 0.03. Ukikikunja kwa nusukipenyo cha milimita 1.5, uso wake unavutwa asilimia 1. Ukikipa milimita 3, inashuka hadi nusu. Ndiyo maana Oppo Find N ya mwishoni mwa 2021 ilikuja na bawaba inayoacha kioo kijikunje kwa umbo la tone la maji: tone likiwa kubwa, bonde linakuwa na kina kidogo. Samsung nao walihamia umbo hilo kwenye Galaxy Z Fold5, 2023. Kwa hiyo bonde la simu yako lilishaamuliwa siku ilipotengenezwa, halinyooshwi. Nimeona watu wakilipiga pasi juu ya kitambaa, wakayeyusha gundi yote. Tafadhali usijaribu.

Swali: simu unaiacha kwenye gari juani?

mpigapicha_temeke
Ndiyo mkuu, juu ya dashibodi, karibu kila Jumamosi.

Fundi_Bawaba
Acha kabisa. Joto linalegeza gundi, halafu unaikunja ikiwa bado ya moto.

Shamba_la_Mnazi
Mimi ningeiuza. Kazi ya rangi haitaki kioo chenye bonde, nunua tableti.

BintiMaabara
Kwa kuhariri rangi nakubaliana nawe. Yeye anawaonyesha wateja tu, na hilo linawezekana.

mpigapicha_temeke
Wakuu, nimerudi. Nimefanya vipimo vyote. Ikiwa imezimwa vipovu vilionekana wazi, vingi upande wa juu. Nimeipeleka kituo cha huduma cha kampuni yenyewe, wamebadilisha plastiki ya juu peke yake, kwa pesa ndogo sana ukilinganisha na kioo kizima. Ukijivu umeondoka. Nimeweka tena ile picha ya gauni na shela ni jeupe kutoka ukingo hadi ukingo, nikashusha pumzi.

Ubluu bado upo nikiinamisha, kama dada alivyosema. Nimegundua taa ikitoka ubavuni bonde linajichora, ikitoka juu, kufuata urefu wa mkunjo, halionekani sana. Sasa mteja namkalisha taa ikiwa juu yake, simu namshikisha mkononi mwake aitazame sawasawa, na picha ya bibi harusi akiwa peke yake naikuza uso wake ukae nusu moja ya kioo. Yule mama nimemtumia picha upya, ameziona.