Kilomita 100 kando ya mto kwenye joto: upepo, tairi na maji ya kunywa

Kasia_Moja:
Habari wakuu. Nataka kufuata njia ya kando ya mto kwa baiskeli kiangazi hiki, kilomita 50 kwenda na 50 kurudi. Kuna lami kidogo, changarawe, na vipande vya tope lililokauka. Tairi ni za upana wa milimita 40, zina tyubu, na mimi nina kilo 72. Nianze kwa kushuka na mto au kwa kupanda? Tairi nijaze kiasi gani? Maji nibebe mangapi? Njia ni tambarare, kwa hiyo sidhani kama itachosha sana.

Gia_Nyepesi:
Mkuu, hapo kwenye utambarare ndipo wengi wanapokosea hesabu. Barabara ya vilima inakupa mteremko wa kupumzika. Kando ya mto miguu haisimami, na mwili unakaa mkao mmoja saa tano au sita. Kinachoumia kwanza ni makalio na viganja. Kidole cha mwisho na cha pembeni yake vikianza kufa ganzi, ujue mshipa wa fahamu wa kiganjani umebanwa na usukani. Badilisha mshiko kila baada ya dakika kumi hivi, na nyanyuka kwenye siti sekunde ishirini kabla hujasikia maumivu.

Kuhusu mwelekeo, angalia upepo kwanza, mwinuko baadaye. Mto ukipita bondeni katikati ya milima, mchana wa jua kali upepo huvuma kupanda bonde, usiku hugeuka ukashuka. Kwa hiyo ondoka alfajiri ukishuka na mto, urudi mchana ukipanda huku upepo unakusukuma mgongoni. Watu hufanya kinyume kwa kuogopa kumalizia na mwinuko, lakini njia nyingi za mtoni hazipandi hata mita 5 kwa kilomita. Upepo wa mbele ndio adui. Ukienda kilomita 20 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15, hewa inakukinza karibu mara tatu ya siku isiyo na upepo.

Spoki36:
Naongezea: hiyo kanuni ni ya mabonde ya milimani. Kwenye uwanda mpana upepo hauufuati mto, tazama utabiri wa siku hiyo na uanze kwa kuukabili, ili urudi nao. Mto ukiwa karibu na bahari au ziwa kubwa, mchana upepo hutoka majini kwenda bara, kwa hiyo hapo pia mara nyingi unafaidi ukirudi kwa kupanda.

Tairi: kwa kilo zako anza na psi (kipimo cha shinikizo kwenye pampu) 38 mbele na 42 nyuma, kisha rekebisha. Rimu ikigonga kwenye mawe, ongeza psi 3. Mikono ikitetemeka mno kwenye changarawe, punguza mbili. Usiache baiskeli juani: tairi la psi 40 likipanda kutoka nyuzi joto 20 hadi 50 linaongezeka psi 5 au 6. Tairi zima halipasuki kwa hilo, ila kiraka kibovu kinaachia.

Pancha zina alama zake. Matundu mawili yaliyo sambamba maana yake tyubu imebanwa kati ya jiwe na rimu, yaani upepo wa tairi ulikuwa mdogo. Tundu moja ni mwiba au kipande cha chupa, na mara nyingi bado kimo ndani ya tairi. Pitisha kitambaa upande wa ndani, kitanasa hapo. Usipokitoa, tyubu mpya itatoboka baada ya mita mia. Kuziba: kwangua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, subiri dakika tano hadi ising'ae, ndipo ubandike na kukandamiza. Viraka vingi hubanduka kwa sababu vilibandikwa gundi ikiwa mbichi. Beba tyubu mbili za akiba pamoja na viraka, maana kuziba barabarani juani ni adhabu.

Chupa_Mbili:
Maji: nusu lita hadi robo tatu kwa saa, na kwenye joto kali sana inafika lita. Jipime uzito kabla na baada ya saa moja ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Usinywe kuzidi unachopoteza, maana chumvi ya damu ikizimuliwa utapata kichefuchefu na kuchanganyikiwa, ukadhani ni kiu na kuongeza maji tena. Mchanganyiko unaotosha: lita moja ya maji, gramu 50 za sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi. Anza kula ndani ya saa ya kwanza, usingoje njaa.

Kasia_Moja:
Asanteni sana. Maji yakiisha, ya mtoni yanafaa nikiyachemsha?

Chupa_Mbili:
Yachemke kabisa kwa dakika moja, au tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Hiyo inaua vijidudu, haiondoi sumu. Ukiona utando wa kijani kama rangi iliyomwagika juu ya maji yaliyotulia, usiyatumie hata yakichemshwa. Maji yaliyo chini ya mashamba nayo yaache, dawa za kilimo hazichemki zikaisha.

Spoki36:
Na ukivuka kijito, kama maji yanafika kwenye habu (kitovu cha gurudumu), shuka uibebe baiskeli. Maji yakiingia kwenye beringi yanaosha grisi na kuacha mchanga laini. Cheni iliyolowa ifute kwa kitambaa, weka tone moja la mafuta kila kiungo, zungusha pedeli, kisha futa yote yaliyobaki nje. Mafuta ya juu hayasaidii kitu, yanakusanya vumbi tu.