Ameharibu seva, kibodi yangu ndiyo imeshtakiwa!!!

MamaBohari (Tororo):

Wandugu, naandika mikono ikitetemeka. Naandikia simu, kwa sababu kibodi, naambiwa, IMECHOKA.

Mnamjua yule fundi wetu wa kompyuta. Sina haja ya kumtaja. Aliyewahi kukaa kwenye bohari yoyote kuanzia Malaba hadi Kampala anamjua: begi mgongoni, nyaya zinaning'inia kama utumbo wa mbuzi, na neno lake ni moja tu, "dakika tano, mama". Katika dakika tano zake mtoto anazaliwa, anabatizwa na anamaliza darasa la saba.

Jana usiku alikuja kupandisha toleo la ile programu inayotuletea terminali, skrini ya maandishi ya seva, ndani ya kivinjari. Sisi huku hatuna programu ya bohari kwenye kompyuta zetu. Iko kwenye seva Kampala, tunaifungua kwenye kivinjari, inakuja skrini nyeusi yenye herufi za kijani, unaweka jina, unaweka nywila, unapokea mzigo. Miaka tisa hivyo. Ni maandishi matupu, hayana picha wala mbwembwe, kwa hiyo hata siku mtandao unapotambaa kama konokono kazi inaenda na bando la asubuhi linafika jioni. Naipenda skrini ile. Naijua kwa vidole. Napokea lori la magunia 560 ya mchele huku namtazama dereva machoni asinidanganye.

Leo saa mbili asubuhi nafungua. Skrini imekuja, nyeusi kama kawaida, inaniuliza jina. Naandika jina. HAKUNA. Kishale kinapepesa tu. Naandika tena. Hakuna. Ikifika dakika moja inachoka kunisubiri, inajifunga, inarudi kuniuliza jina lilelile. Mtu anakuuliza jina halafu kakuziba mdomo kwa kiganja!

Malori tisa uani. Nikampigia. Akaja. Hakuigusa seva, hakuuliza nimeona nini, aliichukua kibodi yangu akaipindua, akaigonga mgongoni kama anayemcheulisha mtoto, likatoka vumbi la saruji (tuko Tororo, vumbi la saruji litatoka hata kwenye Biblia), halafu mbele ya madereva wote, na mzee mwenye mali kasimama mlangoni, akasema:

"Kibodi imechoka. Na mwenye kibodi naye amechoka."

Uani kote kicheko. Dereva mmoja alicheka mpaka akashika ukuta.

Akaleta kibodi ya pili. Haikuandika. Akaleta ya tatu, mpya, bado ina harufu ya duka. Haikuandika. Kibodi tatu zimechoka asubuhi moja! Ilibaki aniletee ngoma za kadodi nigonge herufi kwa magongo. Nikamwambia, mwanangu, hebu ona, nafungua kwa simu yangu, nayo haiandiki, basi kosa liko wapi? Mnajua alinijibu nini? "Simu nayo ina kibodi yake, mama."

Imechoka. Na mwenye kibodi naye amechoka. Mimi! Niliyehesabu magunia kwa kurunzi usiku ule umeme ulipokatika siku tatu! Mzee hakusema neno. Alinitazama tu mikono, kama anayepima uzee wa ng'ombe.

Sasa ni saa saba mchana na napokea mizigo kwenye daftari la mtoto wangu, nyuma ya hesabu zake za kugawanya. AMECHOKA nani?

Tanboi_wa_Malaba:

Mama, nilikuwepo. Lori la chumvi, la nne kutoka langoni. Tulicheka lakini kwa huruma.

MamaBohari:

Ulicheka.

Tanboi_wa_Malaba:

Nilicheka, mama. Nisamehe. Ile namna alivyoigonga kibodi mgongoni...

FundiSeva_Mbale:

Mama, pole sana. Kibodi yako haina kosa na wewe huna kosa. Kama hiyo programu ni ttyd, na kwa unavyoeleza naona ndiyo, huyo bwana hajasoma hata mistari kumi ya maelezo ya toleo jipya. Zamani ttyd ilikuwa inafunguka na ruhusa ya kuandika. Ukitaka watu watazame tu, unaongeza -R. Matoleo mapya yamegeuza. Sasa inafunguka kwa kutazama tu, na ukitaka watu waandike lazima uongeze -W kwenye amri ya kuiwasha. Yeye kapandisha toleo, kaacha amri ya zamani vilevile, ndiyo maana mnaonyeshwa skrini kama televisheni. Ukileta kibodi elfu, haitaandika.

Mwambie: W KUBWA. Ile ndogo ipo pia, lakini kazi yake ni kutaja folda. Na akishafungua kuandika, aweke nywila kwa -c na asiiache poti 7681, mlango wa mtandao inapopitia ttyd, wazi kwa ulimwengu, maana atakayeipata anwani ataandika amri kama yuko hapo ofisini kwenu. Walifunga mlango kwa sababu ya watu kama yeye.

Herufi moja, jamani. Herufi moja, na mtu anamtukana mama mbele ya madereva.

Mstaafu_wa_Entebbe:

Nimesikitika kwa matusi, lakini dada, miaka tisa kibodi moja? Hata jembe linabadilishwa mpini. Umempa mwenyewe fimbo ya kukupigia.

MamaBohari:

Mzee wangu, kwa heshima zote, kibodi mpya nayo haikuandika. Nimesema zilikuwa TATU.

Mstaafu_wa_Entebbe:

Nimesoma. Nasema tu ungebadilisha. Tena hizo skrini zenu za kwenye kivinjari asili yake ni mashine ya kampuni ya DEC iitwayo VT100, ya mwaka 1978. Programu hizi zote mpaka leo zinaiigiza ile. Kitu cha kweli, kizito, huwezi kukipindua mgongo ukakigonga. Vijana wa siku hizi hawana kitu kizito, wanagonga kila kitu.

Mrembo_wa_Nalufenya:

Afadhali yako wewe haiandiki. Yangu inaandika halafu inafuta kila kitu. Kwenye terminali ya kawaida, ukibonyeza Kontroli na W unafuta neno moja la mwisho. Nimezoea hivyo tangu chuo. Huyu wetu wa Jinja (mnamjua pia, huenda wamezaliwa mama mmoja na huyo wa Tororo) katuhamishia kila kitu kwenye kivinjari bila kutuuliza. Sasa nikibonyeza Kontroli na W, kivinjari kinadhani nataka kufunga ukurasa. KINAFUNGA. Mishahara ya watu 43, nilikuwa nimefika wa 41.

Nikamwita. Akasema, "Basi usikosee maneno."

Tanboi_wa_Malaba:

Kwa hiyo W inaandika au inafunga? Mama Bohari, usiiguse hiyo W kabisa.

FundiSeva_Mbale:

Ndugu, hizo ni W mbili tofauti. Moja inaandikwa kwenye amri ya kuwasha seva, nyingine inabonyezwa kwenye kivinjari. Na hiyo ya kivinjari programu ya terminali haiwezi kuizuia, kivinjari kinaichukua kabla haijafika. Dada wa Jinja, fanyia kazi ndani ya tmux, programu inayoshikilia kazi yako kwenye seva, ukurasa ukifungwa unarudi unaikuta kazi yako palepale ulipoiacha.

Tanboi_wa_Malaba:

Mimi nasema asiiguse.

Karani_Nakasero:

Nyinyi mnalia na herufi W, sisi tulipoteza wiki. Wetu alipandisha seva nzima kwenda Debian 12, mfumo endeshi mpya. Kule Tomcat, inayoendesha programu za kivinjari, ni 10. Guacamole tuliyokuwa nayo, 1.5, ambayo ndiyo inatuletea skrini kwenye kivinjari, inataka Tomcat 9, kwa sababu Tomcat 10 imebadilisha majina ya ndani kutoka javax kwenda jakarta, na programu iliyoandikwa kwa jina la zamani inakuwa kama mgeni aliyekuja na barua ya chifu aliyekufa. Asubuhi tunafungua: 404, yaani ukurasa haupo. Hakuna skrini nyeusi, hakuna ya kijani, hakuna chochote.

Alituambia nini? Tufute historia ya kivinjari. Watu thelathini tulifuta historia. Mhasibu alipoteza nywila zake zote alizokuwa amehifadhi humo, akakaa chini akalia, mtu mzima ana wajukuu.

Kondoo_wa_Soroti:

Wetu aliipandisha terminali akiwa NDANI ya terminali hiyohiyo. Kwa kivinjari. Alikata tawi alilokalia. Katikati ya kusakinisha huduma ikajizima ili ianze upya, na yeye akazimika nayo, vifurushi nusu vimeingia nusu viko nje. Ilibidi mtu apande basi usiku kwenda Kampala kukaa mbele ya seva yenyewe na kuandika dpkg --configure -a, amri ya kumalizia usakinishaji uliokatika. Nauli tulichangishana sisi. Sisi!

Mrembo_wa_Nalufenya:

Mlichangishana? Angeenda kwa miguu.

MamaBohari:

Jamani, mnisikilize. Nimempelekea majibu ya FundiSeva. Nimemshikia simu mbele ya uso asome. Amesoma, amenyamaza, kaketi, kaongeza W kubwa, kaiwasha upya. Nikaandika jina langu kwa kibodi YANGU, ile ya kwanza, yenye vumbi. Imeandika! Herufi zote zimetoka, za kijani, moja baada ya nyingine. Nusura nilie.

Sasa sikilizeni. Kageuka kwa mzee kasema, "Nilijua tangu mwanzo ni mpangilio wa usalama." Halafu katoa hati ya malipo. Kibodi mbili, shilingi 70,000. Na juu yake kaandika, kwa mkono wake: kubadilisha kibodi zilizochoka.

Zilizochoka!

Ndizi_Mbivu:

Mtu unaandika malalamiko marefu hivi na bando lilivyo ghali? Mnakumbuka 2018 tulikuwa tunalipa shilingi 200 kwa siku ndipo tufungue mitandao ya kijamii? Wakaiondoa 2021, wakaweka asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Sasa hata aliye kwenye skrini nyeusi ya maandishi analipa. Hilo ndilo la kulalamikia.

Karani_Nakasero:

Na hilo bando linaisha ukiwa umelala. Nani anakuwa anavinjari usiku kwenye simu yangu?

Mstaafu_wa_Entebbe:

Mkeo.

Tanboi_wa_Malaba:

Bando si kitu. Njooni muone mizani. Lori limepimwa upande mmoja uzito sawa, kilomita chache mbele limeongezeka kilo mia tatu. Chumvi imenenepa njiani? Nimemuuliza yule wa mizani (mnamjua), akasema labda nilikula vizuri.

Kondoo_wa_Soroti:

Labda ulikula vizuri.

Tanboi_wa_Malaba:

Rolex moja, chapati ya mayai! Tena siku hizi ya mayai mawili wanakuwekea yai moja na nusu, hiyo nusu sijui wanaipimaje. Yule wa stendi ya Tororo, mnamjua, anavunja yai la pili pembeni, ukigeuza shingo kidogo limepotea.

Mrembo_wa_Nalufenya:

Yule! Alinifanyia mimi hivyo Ijumaa. Nikamwambia niko hapa natazama, akasema yai limesinyaa kwa moto.

Ndizi_Mbivu:

Wandegeya bado wanaweka mawili kamili, na nyanya.

Karani_Nakasero:

Wandegeya ipi hiyo? Labda ya 2012.

MamaBohari:

Na mzee amelipa. Nilikuwa nimesimama pale. Amezihesabu elfu sabini moja moja, akampa. Kibodi mbili ziko mezani, zote nzima, hakuna anayezitumia, na juu ya hati imeandikwa zimechoka.

Ndizi_Mbivu:

Mnazungumzia mayai, je, chapati yenyewe? Imekuwa nyembamba unasoma gazeti ukiiweka juu.

FundiSeva_Mbale:

Mama, je, ameweka ile nywila ya -c? Usiache bila kuuliza.

Mstaafu_wa_Entebbe:

Dada Bohari, hizo kibodi mbili, moja naichukua kwa elfu kumi na tano. Yangu W imebanduka.