Programu ya kupanga miradi au jedwali la Excel: kipi kinafaa kufuatilia samaki bwawani?

Mfugaji wa Pongwe

Ndugu zangu, salaam. Nina mabwawa manne ya sato hapa Pongwe, Tanga, na hesabu zangu zote hadi leo zimo katika daftari ambalo mvua imekwisha kulionja. Mdogo wangu, ambaye husimamia kazi za ujenzi, ana Microsoft Project kwenye kompyuta yake, naye amenishauri niandike kila bwawa kama rasilimali, yaani kitu ambacho kazi hukitumia, na kila fungu la vifaranga kama kazi yenye siku ya kuanza na siku ya kumalizika. Nimejaribu kwa wiki mbili. Chati inapendeza, lakini moyo haujatulia. Je, niendelee nayo, nihamie ProjectLibre au GanttProject ambazo hazilipiwi, au nitumie Excel tu?

Mwanakaole

Kwa upande wa muda, mdogo wako hajakosea. Bwawa likiwa rasilimali, programu itakuonyesha pale mafungu mawili yanapogongana tarehe katika bwawa moja, jambo ambalo Excel haikufanyii mpaka uitungie kanuni (fomula) mwenyewe. Tatizo liko kwenye idadi. Kazi ya ujenzi hukamilika kwa asilimia, ilhali samaki hufa, huliwa na kulasitara, huhamishwa, na huuzwa kidogo kidogo kwa majirani kabla hata ya siku ya kuvuna. Ni kweli kwamba Microsoft Project ina safu za ziada za nambari, Number1 hadi Number20, zinazokubali kanuni, na unaweza kuifanya mojawapo iwe ya vifo. Hata hivyo, safu hiyo hubeba thamani moja tu: ukiandika vifo vya leo, vya jana vimefutika. Stoo yoyote, iwe ya saruji au ya samaki, inahitaji leja, yaani orodha ya kila kinachoingia na kinachotoka, pamoja na baki.

Fundi wa Ngamiani

Naongeza mtego mmoja ambao wengi hawauoni. Kalenda ya kawaida ya Microsoft Project huhesabu siku tano za kazi kwa wiki, kwa hiyo ukiandika ulishaji wa siku 180, programu itautandaza hadi wiki 36, yaani siku 252, kana kwamba samaki hawali Jumamosi na Jumapili. Mteja wangu mmoja, alipoligundua hilo, alihamia kalenda ya saa 24 na kuharibu zaidi: kwa kuwa siku moja ya kazi huhesabiwa kuwa saa nane, siku zake 180 zilimalizika ndani ya siku 60. Dawa ni kutengeneza kalenda yako mwenyewe yenye siku saba za kazi, kila moja ikiwa na saa nane. Katika GanttProject ni rahisi zaidi, maana unaondoa tu alama kwenye siku za mapumziko. Kuhusu ProjectLibre, faida yake kubwa ni kwamba inafungua mafaili ya Microsoft Project, hivyo kazi ya mdogo wako haitapotea.

Mwatiko wa Mkinga

Sisi wa maji chumvi tuna shida nyingine. Mabwawa ya samaki aina ya mwatiko kando ya mikoko hujazwa na kumwagwa kwa kufuata bamvu, yaani siku za maji makubwa ya bahari, nalo hurudi kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi. Ukiiambia programu irudie kazi kila siku 15, baada ya miezi sita umechelewa karibu siku tatu, na maji ya kutoa bwawa hayapo tena. Mimi huandika tarehe moja moja kutoka kwenye jedwali la kupwa na kujaa.

Mwanakaole

Umesema kweli, kaka. Nami nimpe mwenye mada mfano wa kwa nini baki ni muhimu kuliko chati. Tuseme ulipandikiza vifaranga 1,800, wamekufa 180, na samaki 30 uliowavua kwa kimia wana kilo 3.6, yaani gramu 120 kila mmoja. Waliobaki 1,620 wana takribani kilo 194. Ukiwalisha asilimia tatu ya uzito wao, chakula ni kilo 5.8 kwa siku. Usipotoa vifo utamwaga karibu kilo 6.5, na ziada hiyo hufika kilo 19 kwa mwezi, ambazo huozea chini na kuyachafua maji.

Mfugaji wa Pongwe

Nimeelewa, na ninawashukuru. GanttProject itabeba mabwawa na tarehe. Excel itakuwa leja, mstari mmoja kwa kila tukio: tarehe, fungu, walioingia, waliotoka, sababu. Fungu litakuwa na namba ileile pande zote mbili, kwa mfano B2-03, bwawa la pili, fungu la tatu. Nitaanza na bwawa hilo vifaranga wapya wakifika. Kompyuta, kwa vyovyote vile, mdogo wangu ameanza kuiulizia.