Naomba ushauri: riwaya yangu ya Ziwa Ngosi, nitoe mashairi?

Wakuu habari zenu, niko Uyole hapa Mbeya, nina riwaya ya kufikirika nimeandika miaka 4 kwenye kaunta buku tatu, ya kwanza imeshaingia moshi wa jikoni. Ni binti anashuka ndani ya Ziwa Ngosi anakuta kijiji cha wahenga chini ya maji, na kila sura naifungua na shairi. Sasa jamaa mmoja wa kuchapa vitabu anataka mashairi yote yatoke, na hela ya kuchapa nitoe mimi, aisee roho inaniuma maana bila yale mashairi yule binti hana sauti kabisa. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu ina kipengele cha riwaya na cha ushairi, nitenganishe? Na COSOTA, wale wa hakimiliki, nisajili kwanza? Mwenye uzoefu anisaidie jamani.