Naomba ushauri: nataka kupanda Mlima Kenya kwa ajili ya mjomba

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mjomba wangu hapa Lamu, nahodha wa jahazi, amepoteza uoni kwa glakoma, ile presha ya macho. Ugonjwa huu mara nyingi hula mshipa wa fahamu wa jicho polepole bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Dawa hulinda kilichobaki tu. Tena hufuata damu, ndiyo maana nawasihi jamaa zangu wote tukapimwe.

Nimenuia kupanda hadi Point Lenana, mita 4,985, nichangishe pesa za kuwapima macho wazee wa visiwani. Moyo wangu uko huko kabisa. Tatizo, mimi ni mtu wa pwani. Nafanya mazoezi kwenye vilima vya mchanga vya Shela na miguu inakaza, lakini hewa nyepesi ya juu siijui. Mliopanda, njia ya Sirimon yamfaa mgeni? Nilale mara ngapi njiani ili mwili uzoee?

Na michango je: niunde kamati ya wazee wa mtaa, au ipelekwe moja kwa moja hospitalini? Watu watataka kuona hesabu, na wana haki.