Makala mbili ndipo uhitimu: sheria hii waliwatungia nani?

Wakuu, yamenifika shingoni. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa ada.

Nasoma PhD ya biolojia ya saratani. Chuo sikitaji. Kozi za darasani nilishamaliza, pendekezo nilishalitetea, tasnifu imeandikwa na msimamizi kasaini. Kinachonikwamisha ni kifungu kimoja cha kanuni: uwe na makala mbili zilizokubaliwa na majarida yanayotambulika, ndipo tasnifu iende kwa watahini. Mbili kwa kila mtu, awe anachambua hansadi za Bunge au anakuza seli.

Mimi nashughulika na saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Ukanda huu wetu, kuanzia Ethiopia na Kenya kushuka hadi Malawi na Afrika Kusini, ni kati ya sehemu zinazoumizwa zaidi na ugonjwa huo duniani, na wapo wanaoupata hawajafika hata miaka 30. Mifumo ya seli kupeana ishara ninayoifuatilia, inaitwa Wnt na Notch, ndiyo inayoelekeza kiinitete kijijenge tumboni. Saratani inakuja kuivuruga ukubwani. Kuisoma kunataka seli zilizo hai: nyuzi 37, hewa ya kaboni dioksaidi asilimia 5, usiku na mchana. Umeme wetu mnaujua. Ukikatika usiku na jenereta likagoma, asubuhi unakuta mlo wa seli umegeuka rangi na kazi ya wiki kadhaa unaimwaga kwenye dawa ya madoa.

Vitendanishi, yaani kemikali za maabara, ndiyo usiseme. Kingamwili za kutambulia protini kwenye seli zinaagizwa nje kupitia wakala, zinakwama uwanja wa ndege kwa sababu karatasi fulani haijagongwa muhuri. Mzigo wa mwisho niliufungua mwenyewe: barafu imekuwa maji, lebo zinaelea, vichupa vya moto kama chai. Wakala ananiambia, "Dokta, ulikaa forodhani wikendi." Dokta gani sasa, na huo udokta mmeukalia?

Makala ya kwanza ilipita. Ya pili mhakiki mmoja wa jarida kaipenda, mwingine anataka tuthibitishe kwa panya wasio na kinga ya mwili. Jamani, panya hao wanataka banda lao safi, hewa ya kuchujwa, chakula kilichouliwa vijidudu! Chuo changu hakina. Na kanuni inasema ile makala ikikataliwa, naanza upya kwenye jarida jingine, huku kila mwaka natozwa ada ya mwendelezo. Mwendelezo wa nini? Ufadhili umeisha, benchi la maabara kapewa mwingine, ninachofanya ni kufungua barua pepe.

Halafu kuna gharama ya kuchapisha. Majarida ya wazi (msomaji anasoma bure, mwandishi ndiye analipa) yenye jina yanataka maelfu ya dola. Msamaha wao wengi wanautoa kwa kuangalia daraja la uchumi wa nchi, na sisi Watanzania tangu 2020 Benki ya Dunia imetupandisha kipato cha kati cha chini. Mfukoni mwangu hicho kipato hakijaingia.

Matokeo yake tunayaona. Watu wanakimbilia majarida ya kitapeli, unalipa leo, keshokutwa "imehakikiwa". Kanuni iliyokusudiwa kulinda ubora ndiyo inayowalisha matapeli, na kamati ya chuo inahesabu makala bila kuzisoma.

Msiniambie ndivyo dunia ilivyo. Uingereza kwa kawaida unapimwa kwa tasnifu na utetezi wako mbele ya watahini, makala ni heri ukiwa nazo. Uswidi tasnifu inajengwa kwa makala, lakini hata muswada ambao haujachapishwa unaingia, watahini wanausoma wenyewe na kuamua. Kwa nini watahini wetu, maprofesa wazima, wasubiri mhakiki asiyejulikana awaamulie?

Aliyewahi kuiandikia seneti ya chuo akaruhusiwa kuwasilisha huku makala ya pili ikiwa bado kwa wahakiki, aje aniambie barua aliipitisha kwa nani na alidai kifungu gani. PM iko wazi. Wale wa "komaa tu mkuu" piteni kwa amani.